Lushoto: Miti ililala, babu hakulala

Ukitoka Bongo kwenda Lushoto, joto unaliacha Mombo. Pale basi linakunja na kuanza kupanda, kama kilometa 33 za kona tupu. Ukifika Soni unachungulia maporomoko, na abiria wa pwani wanaanza kutafuta masweta. Wajerumani walipapenda hadi wakapaita Wilhelmstal. Mimi kinachonipeleka ni babu.

Safari hii, mwezi wa 4, nilimkuta kasimama nje na panga mkononi. Usiku mvua ya upepo ilikuwa imepiga, si mchezo. Mikrismasi 8 tuliyopanda kuzunguka kaburi la bibi miaka mitatu nyuma, ambayo sasa imenizidi urefu kidogo, yote ilikuwa imelalia upande mmoja kama walevi.

"Tukate tu, iwe kuni," akasema baba mdogo.

Mimi nikajua panga ni la kazi hiyo. Roho ikaniuma, maana shimo la mti wa kwanza nililichimba mwenyewe. Nikaurukia, nikauvuta kwa nguvu zangu zote za kijana wa mjini. Nikasikia "kwacha!" Mzizi huo, umekatika.

"Mjukuu wangu, huo ni mti, si ng'ombe," babu akasema. Kumbe panga lilikuwa la kuchongea mambo!

Basi bwana, darasa likaanza. Kazi hii hufanywa mapema, udongo ukiwa bado umelowa na mizizi haijakauka. Kwanza unatoa udongo upande ule mizizi ilikonyanyuka, ili irudi mahali pake. Ndipo mnausimamisha mti taratibu, mmoja akishika shina, mwingine akirudishia udongo na kuushindilia kwa mguu. Mambo mawili yanapigwa mbali kidogo na shina, yasitoboe mizizi. Kufungia tulitumia mpira wa ndani wa baiskeli uliokatwa vipande, maana waya hula gome.

Nikataka kukaza. Babu akanizuia.

"Acha uyumbe kidogo. Ukiufunga kama mwizi, shina halinenepi. Siku ukifungua, unaanguka tena."

Akaniambia mambo hayakai milele, baada ya mwaka mmoja hivi yang'olewe. Na mti mkubwa ulioinama ghafla mizizi ikatokeza nje, huo usijidanganye kuuinua. Kaa mbali nao, uwaachie wenye ujuzi.

Mwezi wa 12 nilirudi. Miti 7 imesimama, kijani kibichi. Ule niliouvuta kwa papara umekauka, umekuwa rangi ya kahawia. Baba mdogo kapata kuni zake.

Babu hakunisema. Alinikabidhi jembe na mche mmoja mdogo, akanionyesha pengo pale kando ya kaburi.

Nikachimba, msomaji wangu. Safari hii taratibu.