Siri ni Amana

Watu wa kale walipojenga nyumba walijua kugawanya. Palikuwa na baraza ya kukalia wapita njia, ukumbi wa kupokea wageni, na chumba cha ndani ambacho mgeni hakukiingia ila kwa idhini. Mgawanyo huo haukuwa wa kiburi, wala haukuwa na maana kwamba chumbani mlifichwa mali ya wizi. Ulikuwa ni adabu. Mtu alipata mahali pa kulia, pa kuugua, pa kushauriana na mwenziwe, na pa kuomba dua bila ya kutazamwa. Hali hiyo huitwa faragha, nayo ni vazi la utu kama vile nguo ilivyo vazi la mwili.

Katika zama zetu chumba cha ndani kimehamia mkononi. Simu ndogo hubeba barua zetu, picha zetu, madeni yetu, maradhi yetu na njia tunazopita. Nataka kueleza namna nilivyoyaondoa mambo yangu katika huduma za makampuni makubwa ya mtandao, nikayapeleka kwa wale wanaoheshimu faragha, na sababu iliyonisukuma kufanya hivyo. Sababu yenyewe haikuwa hofu juu ya nafsi yangu. Ilikuwa ni siri za watu wengine.

Haki itangulie lawama. Nilipokuwa chuo cha ualimu nilipata sanduku la barua pepe bila ya kulipa hata senti moja. Kampuni ya Google, iliyoanzishwa mwaka wa 1998, ilikuwa imefungua huduma hiyo ya barua mwaka wa 2004, na ulimwengu mzima uliifurahia. Barua iliyokuwa ikisafiri juma zima ilifika kabla chai haijapoa. Swali lililohitaji safari ya maktaba lilijibiwa papo hapo. Mwalimu wa shule ya mashambani, ambayo maktaba yake ni kabati moja, hawezi kuibeza neema hiyo.

Lakini nyumba yenye walinzi, mafundi na taa zisizozimika ina gharama, na asiyelipa mpangaji hulipa mwingine. Mlipaji ni mwenye tangazo. Kampuni huandika katika daftari lake maswali tunayouliza, kurasa tunazofungua na mahali simu ilipolala. Na kutokana na daftari hilo hukisia umri wetu, tabia zetu na haja zetu. Kisha humwuzia mfanyabiashara nafasi mbele ya macho yetu. Mpaka mwaka wa 2017 mitambo ya Google ilikuwa ikipitia hata maneno ya barua za watu ili kuchagua matangazo ya kuwaonyesha. Mwaka huo kampuni ilitangaza kwamba ingeacha. Wahenga walisema kwamba siri ya mtungi aijuaye ni kata. Kata ya leo huchota kwenye mitungi ya watu mabilioni, wala haisahau tone.

Niliyajua hayo kwa kusikia tu, kama mtu ajuavyo habari za mvua ya nchi nyingine. Mvua hiyo ilinifikia kwa njia ya ualimu.

Mwalimu hupokea mengi zaidi ya majibu ya mitihani. Mwanafunzi wangu mmoja wa kidato cha tatu aliniandikia usiku kwamba mamaye alikuwa na ugonjwa ambao jamaa hawakutaka kuutaja, na kwamba kwa sababu hiyo alishindwa kusoma. Aliniomba nisimwambie mtu, nami sikumwambia mtu. Niliuliza mtandaoni tu, nipate kujua ugonjwa huo ni wa namna gani na mtoto aweza kumsaidiaje mgonjwa. Baada ya siku chache matangazo ya dawa za ugonjwa ule yalianza kunifuata kila ukurasa nilioufungua. Mchana mmoja, katika chumba cha walimu, mwenzangu aliyeketi kando yangu aliitupia jicho simu yangu, akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, unaumwa? Mbona hutuambii?"

Nilimjibu kwamba mimi ni mzima, tukarudi kusahihisha madaftari. Hata hivyo nilibaki na mawazo mazito. Ulimi wangu ulikuwa umenyamaza, walakini siri ilikuwa imetoka kwa mlango mwingine. Siku hiyo watu walidhani ugonjwa ni wangu. Je, siku nyingine wakidhani vingine? Siri ile haikuwa mali yangu, nilikuwa nimewekewa. Mwenye kuwekewa amana huilinda, hata kama yeye mwenyewe hana cha kupoteza.

Nilipowaeleza rafiki zangu, wengi walijibu, "Mimi sina cha kuficha." Jibu hilo lasikika kama ushahidi wa mtu mwema, lakini lina upungufu mmoja mkubwa. Linadhani kwamba yaliyomo katika simu ya mtu ni yake peke yake. Tazama orodha ya nambari katika simu yako. Mna nambari ya mama, ya jirani, ya daktari, na ya mwanafunzi mwenzako. Ukiikabidhi orodha hiyo kwa programu ngeni, umetoa idhini kwa niaba ya watu ambao hukuwauliza. Hapa Kenya tumeyaona matunda ya jambo hilo. Mwaka wa 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza kampuni moja ya mikopo ya simu faini ya shilingi 2,975,000, kwa kuwa ilitumia majina na nambari za watu iliyozipata kwa wengine, ikawasumbua kwa simu na vitisho.

Mfano mwingine ni wa dunia nzima. Mwaka wa 2018 ilifichuka kwamba habari za watu wapatao milioni 87 wa Facebook zilikuwa zimefikia kampuni ya Uingereza iitwayo Cambridge Analytica, iliyofanya kazi ya siasa. Walioijibu chemshabongo iliyokuwa mtego walikuwa 300,000 hivi tu. Mamilioni waliobaki hawakujibu lolote. Walikuwa marafiki wa waliojibu. Mwaka huo huo wakubwa wa kampuni hiyo walinaswa katika picha za siri wakijigamba kwa kazi waliyofanya katika uchaguzi wa Kenya wa 2013 na wa 2017. Basi asiye na cha kuficha ana rafiki, na rafiki ana cha kulinda.

Nikaanza kuhama. Kuhama nyumba hakufanywi kwa siku moja, nami nilianza na mzigo mwepesi, yaani kutafuta. Niliacha mtambo niliouzoea, nikautumia mwingine uitwao DuckDuckGo, ulioanzishwa Marekani mwaka wa 2008. Nao huonyesha matangazo, lakini hulifuata neno lililoandikwa wakati ule wala haumfuati mtu. Anayeuliza habari za viatu huonyeshwa viatu, na mambo yakaishia hapo. Programu ya kufungulia kurasa nayo niliibadilisha nikachukua Firefox, ambayo huzuia wafuatiliaji wengi na hutengenezwa chini ya shirika lisilotafuta faida. Kazi hiyo yote ilimalizika kabla ya kengele ya jioni.

Barua pepe ilikuwa mzigo mzito. Nilichagua Proton, huduma iliyoanzishwa Geneva mwaka wa 2014 na wanasayansi waliokutana katika maabara ya CERN. Barua zilizowekwa humo hufungwa kwa kufuli ya hesabu, hata wenye nyumba wasiweze kuzisoma. Niliandika katika daftari mahali pote ambapo anwani yangu ya zamani ilijulikana: benki, chama cha ushirika, ofisi ya ushuru, tume ya walimu, jamaa na wanafunzi wangu wa zamani. Kila Jumamosi nilibadilisha mahali pawili au patatu. Haba na haba hujaza kibaba. Baada ya miezi minne sanduku la zamani lilikuwa kimya. Sasa nalipa ada kila mwaka, nami naitoa bila kinyongo, maana najua ninacholipa na ninayemlipa.

Ramani ilinipa furaha nisiyoitazamia. Ipo ramani iitwayo OpenStreetMap, iliyoanzishwa Uingereza mwaka wa 2004, ambayo huchorwa na watu wa kawaida na kutumiwa na yeyote. Kabla ya mwaka wa 2009 mtaa wa Kibera, wenye maelfu kwa maelfu ya watu, ulikuwa karibu kama uwanja mtupu katika ramani zilizokuwako. Mwaka huo vijana wa mtaa huo walifundishwa kupima, wakapita vichochoroni na vyombo vyao, wakaandika shule, zahanati, visima na vyoo. Ramani ya namna hiyo huonyesha kwamba kuna njia mbili za kujulikana: kuchunguzwa na mgeni, na kujieleza mwenyewe. Lakini nisiisifu kupita kiasi. Kwa habari za msongamano wa magari Nairobi, ramani za makampuni makubwa bado zinaishinda.

Ujumbe wa simu ndio uliokuwa kilima. WhatsApp ilinunuliwa na Facebook mwaka wa 2014 kwa bei ya dola bilioni 19. Ni kweli kwamba tangu 2016 maneno yenyewe hufungwa, hata kampuni haiyasomi. Hata hivyo kampuni yaweza kujua nani aliandikiana na nani, saa ngapi, na mara ngapi. Na bahasha iliyofungwa nayo husema mengi. Nilichagua Signal, ambayo husimamiwa na wakfu usio wa biashara. Mwaka wa 2016 amri ya kisheria ilitolewa Marekani kwamba wenye Signal watoe habari za mtumiaji fulani. Walichoweza kutoa ni vitu viwili tu: siku alipojiandikisha na siku ya mwisho alipoitumia. Walikuwa hawajaweka kingine. Asiye na ghala haibiwi nafaka.

Lakini ngome iliyo imara bila ya watu ni gofu. Mama yangu yuko mashambani, na huniletea salamu kwa sauti yake kila asubuhi kwa WhatsApp. Nilipomweleza habari za Signal alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, mimi nimeuzoea mlango huu. Ukihama, nitakubishia wapi?" Sikuwa na hoja ya kuushinda upendo. Katika mlango huo huo jamaa hutangaziana misiba, huchanga fedha za hospitali na kuitana harusini. Mtu anayejitenga na matanga ya nduguze kwa ajili ya faragha ameuza ng'ombe kwa bei ya kamba. Basi mlango huo nimeuacha wazi kwa salamu na shughuli za ukoo. Mambo ya wanafunzi na wazazi wao hayapitii huko: huzungumzwa ana kwa ana chini ya mti wa shule, au kwa Signal kwa mzazi aliye mbali na aliyeridhia.

Wala msidhani kwamba nimepata nyumba isiyo na dirisha. Mwaka wa 2021 ilijulikana kwamba Proton, kwa amri ya sheria ya Uswisi, iliandika na kutoa anwani ya mtandao ya mwanaharakati mmoja wa Ufaransa. Barua zake hazikusomwa, lakini alama ya mlango alimoingilia ilionekana. Kila nyumba imejengwa katika nchi, na kila nchi ina sheria zake. Tofauti ya nyumba njema na mbaya si kwamba moja haiwezi kuvunjwa, bali kwamba moja imejengwa ili kukusitiri na nyingine imejengwa ili kukutazama.

Sheria za kwetu nazo zasimama upande wa amana. Ibara ya 31 ya Katiba ya 2010 humpa kila mtu haki ya faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 humpa haki ya kujua habari zake zinatumiwaje, na ya kuomba zisahihishwe au zifutwe. Mwaka wa 2023 shule moja ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kutangaza picha za watoto bila ya idhini ya wazazi wao. Habari hiyo iliwatetemesha walimu wengi, na naona ilifaa kututetemesha.

Enyi vijana, siwaamuru kuhama. Wengi wenu hutumia simu ya mzazi, na fedha ya ada haiko mifukoni mwenu. Lakini yako mambo matatu yasiyohitaji fedha. Kabla ya kuweka programu, someni inaomba kuona nini. Tochi ya simu haina haja ya orodha ya nambari zenu. Kabla ya kusambaza picha ya mwenzenu aliyeanguka au aliyelia, mwulizeni. Na mtu akiwaandikia neno zito la moyo wake, lifuteni likiisha kazi yake, au mlihifadhi mahali ambapo ninyi wenyewe mngekubali lenu lihifadhiwe.

Mwanafunzi yule alimaliza kidato cha nne, na mamaye yu hai. Hajui kwamba ujumbe wake wa usiku ndio ulionihamisha, nami sitamwambia, kwa kuwa ugonjwa ule si wangu kuutaja. Mali ya mtu ikipotea yaweza kulipwa, na deni laweza kusamehewa. Siri ya mtu ikitoka hairudi ndani, na anayeaibika siye aliyeitoa.