Injini Niliyoipika Nairobi Ikaungua Pwani

Wengi wenu mmekuwa mkiniuliza pikapu iko wapi. Jibu fupi: iko Kariobangi Light Industries, boneti juu, injini iko kwa meza vipande vipande, na moja ya pistoni zake sita imeyeyuka ukingo kama mshumaa. Jibu refu nimelikwepa wiki tatu. Aliyekosea si fundi, na si aliyeniuzia injini. Ni mimi.

Gari lenyewe ni Hilux ya 1998, ya dizeli, ambayo mjomba wangu aliibebea viazi kutoka Kinangop miaka mingi. Injini yake ya zamani haikufika hata hosipawa 100. Nilipoacha chuo mwaka wa pili, nikisomea uhandisi wa mitambo, mjomba alinipa funguo akasema, "Fanya nayo kazi." Mimi nikafanya nayo video.

Mpango ulikuwa kuitia 1JZ-GTE. Kama huijui, hiyo ni injini ya Toyota ya petroli, lita 2.5, silinda sita kwa mstari mmoja, bloku ya chuma, na tabo. Kiwandani iliandikwa nguvu 280, kwa sababu wakati huo kampuni za Japani zilikuwa zimekubaliana zisitangaze zaidi ya hapo. Lakini hiyo bloku inabeba zaidi, na kila msee wa gereji anajua. Lengo langu lilikuwa 400.

Watu hudhani kuongeza hosipawa ni kufunga tabo kubwa na kusikiliza ikipiga filimbi. Tabo ni nusu ya hesabu tu. Injini huchoma hewa na petroli kwa uzani. Ukienda polepole ni karibu gramu 14.7 za hewa kwa gramu moja ya petroli. Ukikanyaga mpaka chini na busti imejaa, unataka petroli izidi kidogo, hewa iwe kama 11.5 hadi 12 kwa moja, kwa sababu ile petroli ya ziada hupoza ndani ya silinda. Tabo inaleta hewa. Petroli inaletwa na pampu na injekta. Hewa ikiishinda petroli, joto linapanda, mchanganyiko unalipuka kabla ya wakati wake, na pistoni ya alumini ndiyo inalipia.

Fundi wangu aliliona hilo mapema. Ni mzee wa maneno machache, hajawahi kukaa darasa la chuo. Akaniambia, "Kijana, chukua injekta za 550." Yaani kila moja iweze kumwaga sisi 550 kwa dakika. Mimi nikapata za 440, zimetumika, Kirinyaga Road, na nikaokoa kama shilingi 40,000. Hiyo doo nilinunulia rimu. Rimu zinaonekana kwa kamera. Injekta haionekani.

Kazi ilichukua miezi mitano. Giaboksi ni R154, ambayo inaingia kwa 1JZ bila vita. Vita ilikuwa sampu ya oili, ilikuwa inagonga chesisi, ikabidi ikatwe na kuchomelewa upya. Halafu waya, hizo zilitutoa jasho wiki mbili. Namba ya injini tulibadilisha kwa logibuku, hiyo angalau nilifanya sawa. Breki za nyuma zilibaki zile za ngoma, za enzi za viazi. Fundi alizitaja mara mbili. Nikasema tutazirudia.

Siku ya daino ndiyo mliiona nyote. Skrini ikaandika 405, nikaruka kama nimeshinda jakipoti. Kitu sikuwaambia ni kwamba kwa ile skrini kulikuwa na namba mbili. Ya kwanza, iliyopimwa kwenye magurudumu, ilikuwa 330. Ya pili, 405, ni ile ambayo kompyuta imeirekebisha kwa sababu Nairobi iko juu, mita 1,700 hivi, na hewa yetu ni nyepesi. Hayo marekebisho yametengenezewa injini isiyo na tabo, ambayo huku juu kweli hukosa pumzi. Injini ya tabo inajisukumia hewa yenyewe, haipotezi kiasi hicho, kwa hivyo ukiirekebisha hivyo unaipa sifa isiyokuwa yake. Daino haikudanganya. Zote mbili zilikuwa pale, na mimi nikachagua ya kuweka kwa kichwa cha video.

Kuna kingine kilichokuwa kwa ile skrini. Injekta zilikuwa zinafanya kazi asilimia 94. Yaani zilikuwa wazi karibu muda wote, hakuna akiba. Fundi akanionyesha kwa kidole. Nilipomwambia tunaenda Mombasa kurekodi safari, akasema, "Hii mapu nimeipika hapa. Ukifika Voi, fungua boneti, punguza busti mpaka 0.6. Pwani hewa ni nzito."

Nikamwambia sawa, Mzee. Nilimsikia, lakini sikumsikiliza.

Sasa ngojeni niwaonyeshe hesabu, maana ni rahisi kuliko nilivyodhani. Mita ya busti inasoma kilichoongezwa juu ya hewa ya nje. Nairobi hewa ya nje ni kama kilopaskali 83. Ongeza busti ya bari 1, ambayo ni 100, unapata 183 ndani ya injini. Mombasa, kando ya bahari, hewa ya nje ni 101. Ongeza 100 ile ile, unapata 201. Mita inasoma bari 1 pande zote mbili, lakini huko chini injini inasukumiwa hewa karibu asilimia 10 zaidi. Joto la Pwani linapunguza kidogo, halimalizi. Na injekta iliyofika 94 haina hiyo 10 ya kutoa. Ikishafika 100 imefunguka yote, hata kompyuta ikiomba zaidi haipati kitu.

Tukapita Voi. Sikufungua boneti. Kichwa cha video kilikuwa tayari kinasema "400" na sikutaka kufika Mombasa na pikapu ya 280. Tulipokaribia Mariakani barabara ikanyooka, nikamwambia binamu yangu awashe kamera, nikaingiza gia ya tatu, nikakanyaga. Ilivuta kuliko siku zote. Ile mita ya hewa na petroli ilipanda kutoka 11.6 hadi 13.4 na mimi nilikuwa naangalia spidi. Gia ya nne, mlio kama kokoto ndani ya sufuria, kisha nguvu zikakatika. Oili ikasukumwa nje ikaangukia bomba la moto, na moshi ukajaa kioo cha mbele mpaka sioni kitu. Nyuma yetu lori likipiga honi. Nikakanyaga breki za viazi.

Gari lilisimama nje ya lami, limelala upande wa mtaro. Hatukuumia. Binamu yangu hakusema neno karibu nusu saa. Halafu akasema, "Uliniambia ni salama." Kamera bado ilikuwa inarekodi. Hiyo video ninayo, na sitaipandisha.

Nikampigia fundi. Swali lake la kwanza: "Mko wazima?" La pili: "Ulipunguza busti?" Nikanyamaza. Naye akanyamaza. Kisha akasema ilete.

Kuna kitu kimenikaa kooni tangu hapo. Mnakumbuka ile video niliyosema chuo hakina maana? Nilitoa mfano wa somo la joto na gesi, shinikizo na ujazo, nikauliza nani atawahi kutumia hiyo kitu maishani. Manze, somo ni hilo hilo. Lingekaa nyuma ya bahasha. Sisemi narudi chuo, bado sina karo na hiyo ni stori ya siku nyingine. Lakini fundi alijua Pwani hewa ni nzito kwa sababu ameshaona injini zikifa huko, na mwalimu alijua kwa sababu alikuwa na hesabu. Mimi sikuwa na uzoefu wala hesabu, na bado ndiye niliyekuwa nawafundisha nyinyi.

Kwa hivyo ile video ya 405 nimeitoa. Rimu nimeuza, na hiyo doo imenunua injekta za 550. Breki za nyuma zitakuwa za diski kabla injini haijarudi ndani, na fundi amesema hataiwasha mpaka azione. Mafunzo ya pistoni nimeyalipia, sasa nalipia pistoni yenyewe. Tutapima upya, na mtaona namba zote mbili. Ikisoma 330, itaandikwa 330.

Kama unajenga yako, nunua petroli kabla ya hewa, na breki kabla ya zote mbili. Na ukimpakia mtu kwa kiti cha pembeni, mwonyeshe mita kwanza, si kamera.

Tuonane gereji.