Boriti za Greenwich

Kwetu Lamu, kutazama mashindano ni kupiga kelele. Wiki ya Maulidi, punda wanapokimbizwa mbele ya bandari, watu hujaa ukutani, madirishani na juu ya majahazi yaliyofungwa gatini, na hakuna anayebaki kimya. Wanawake hupiga vigelegele, watoto hukimbia ubavuni mwa punda wakimtaja mpandaji kwa jina, na wazee huinua bakora juu kana kwamba wao ndio wanaoongoza. Ami yangu, aliyefuga punda maisha yake yote, alikuwa na sauti inayofika hadi upande wa pili wa umati. Kwa hiyo nilipomchukua kwenda Greenwich tarehe 6 Agosti 2012, kutazama fainali ya timu ya farasi wanaoruka viunzi katika Michezo ya Olimpiki, nilichokihofia ni sauti yake.

Alikuja London kwa harusi ya binti yake, iliyopangwa kufanyika baada ya Idi, akawahi ili afunge Ramadhani pamoja nasi. Mwaka ule kumi la pili lilikuwa linaelekea ukingoni. Kwetu mchana ni ule ule karibu mwaka mzima, lakini Agosti ya Uingereza unakula daku saa tisa usiku na Magharibi huingia karibu saa tatu kasorobo. Mwenzangu wa kazini alipata dharura, akanipa tiketi zake mbili. Nilimwambia Ami kwamba mchana ni mrefu, kuna ngazi nyingi na hakuna pa kupumzika. Akaniuliza jambo moja tu: "Farasi wataruka kweli, au ni kutembezwa tu?" Nikamwambia wataruka. Akaenda kutafuta kofia yake.

Jina la Greenwich alilijua kabla hajalijua jina la mtaa wowote wa London. Miaka mingi alisikia saa za Greenwich zikitajwa redioni, katika Idhaa ya Kiswahili ya BBC, kisha akiongeza tatu mwenyewe kupata saa za nyumbani. Tuliposhuka kwenye treni pale Blackheath na kutembea na umati kuelekea bustanini, nikamwonyesha kilima chenye jengo la wanajimu, pale unapopita mstari wa sifuri wa longitudo. Akasimama. Akatazama saa yake ya mkononi, ambayo hakuwahi kuibadilisha tangu atoke Lamu, akasema: "Basi hapa ndipo saa zetu zinapotoka." Majira ya joto Waingereza husogeza saa zao mbele, kwa hiyo siku ile tofauti ilikuwa saa mbili tu. Nilimweleza, akakataa kabisa. Tatu ni tatu, alisema.

Uwanja wenyewe ulikuwa wa muda. Ulijengwa juu ya jukwaa lililoinuliwa ili ardhi ya ile bustani ya wafalme isiguswe, na baada ya michezo uling'olewa wote. Viti vilikuwa 23,000 hivi. Kutoka tulipokaa uliiona Queen's House, nyumba nyeupe ya karne ya 17, nyuma yake mto Thames, na ng'ambo ya mto minara ya vioo ya Canary Wharf. Chini yetu, juu ya mchanga uliosawazishwa kama unga, vilisimama viunzi vyenye rangi na mapambo ya mambo ya Uingereza. Niliviona vizuri mno, kama vitu vya kuchezea. Ami hakuvutiwa na mapambo. Alitazama miti. "Ni mazio hasa," akasema, maana ujanani alipakia miti ya mikoko kwenye majahazi yaendayo Arabuni, na anajua unene wa fito, pau, mazio na boriti bila kupima. Kilichomshangaza ni namna ilivyowekwa. Haikufungwa. Ilikuwa imelazwa tu kwenye vikombe vifupi vya chuma, kiasi kwamba ukwato ukigusa vibaya mti unaanguka.

Kabla ya farasi walitoka wapandaji wenyewe, kwa miguu, wakiwa wamevaa buti ndefu. Watazamaji wengi walikuwa bado wanatafuta viti na kununua chipsi, na nadhani walikosa sehemu moja nzuri kuliko zote. Kila mpandaji alisimama penye kiunzi, akageuza mgongo, akaanza kuhesabu hatua hadi kiunzi kinachofuata. Hatua nne za mtu ni sawa na hatua moja ya farasi akikimbia. Ukikosea hesabu, farasi anafika karibu mno au mbali mno, na kiunzi cha mita moja na nusu na zaidi hakisamehe. Kule juu tuliwaona wanaume na wanawake wakinong'ona peke yao, midomo ikicheza, kama watu wanaovuta tasbihi. Ami alinyamaza kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Kisha akasema, "Wanaisoma ndia. Mnyama ataipita mara moja tu, lazima mmoja wao awe amekwisha kuipita."

Farasi wa kwanza alipoingia, makofi yalipigwa, kengele ikalia, na hapo ndipo nilipokutana na kitu ambacho sikukitarajia. Watu wote walinyamaza. Si unyamavu wa adabu kama msikitini kabla ya hotuba, ambapo bado unasikia kikohozi na mtoto. Ulikuwa unyamavu wa watu waliozuia pumzi. Unasikia kwato zikipiga mchanga, unasikia pua ya farasi kila anapotua, ngozi ya tandiko ikilia. Halafu anaruka, na katika ule muda akiwa hewani husikii chochote. Unangoja. Ukisikia *tok*, ukwato umegusa mti. Unasikia mti ukitikisika kwenye kikombe, na watu 23,000 wanautazama kama wangeweza kuushika kwa macho. Ukitulia, pumzi inatoka uwanja mzima kwa pamoja, kama upepo kwenye mikoko. Ukianguka, unalia juu ya mchanga kwa sauti niliyoijua tangu utotoni, sauti ya boriti ikitupwa kutoka begani, na umati unaugua kwa sauti ya chini, hata kwa farasi wa nchi nyingine.

Adhabu ni hesabu rahisi: mti mmoja ni adhabu 4, farasi akikataa kuruka ni 4, na sekunde ukichelewa zinaongezwa pia. Wakati ule wapandaji walikuwa wanne kwa timu, na matokeo ya aliyefanya vibaya zaidi yaliachwa. Nilimweleza Ami mara moja, akawa anahesabu kwa vidole kabla ya ubao.

Baada ya farasi watano au sita alinigusa mkono. "Mwanangu, wewe unatezama miguu. Tezama masikio." Nikatazama. Farasi akielekea kiunzi, masikio yanasimama na kuelekea mbele, yanakitafuta. Akisita, sikio moja linarudi nyuma, kumsikiliza mpandaji. Ami aliweza kusema kabla ya mruko: huyu anataka, huyu anasukumwa, huyu ameudhika na kitu kinywani. Hakupatia mara zote. Lakini mara mbili alisema "hapo" kwa sauti ya chini, na mti ukaanguka, na bibi wa Kiingereza aliyekaa kushoto kwetu akageuka kumtazama.

Bibi yule alikuwa mzee kuliko Ami, amevaa kofia ya jua, na alikuja na kitabu cha ratiba alichokijaza maandishi ya penseli. Alitupatia chupa ya maji. Nilipomweleza kwamba tumefunga, aliutazama mkate wake aliokuwa ameuma mara moja, akaufunga tena kwenye karatasi, akautia mkobani. Nilimwambia asijisumbue, ale tu. Hakuutoa tena hadi mwisho. Yeye ndiye aliyenisimulia kwamba mara ya mwisho Uingereza kupata dhahabu ya mchezo huu ilikuwa Helsinki mwaka 1952, Harry Llewellyn akiwa juu ya farasi Foxhunter, na kwamba ile ndiyo dhahabu pekee waliyoipata Waingereza kwenye michezo yote ile. Alikuwa msichana wakati huo, na aliusikia ushindi redioni, baba yake akiwa amesimama wima jikoni. Nilimtafsiria Ami. Akasema, "Miaka sitini. Mwambie Mungu atamfungulia."

Sisi wenyewe tulikuwa na wetu. Saudi Arabia ndiyo iliyoongoza baada ya mzunguko wa kwanza jana yake, ikiwa na adhabu 1 tu, huku mataifa yenye historia ndefu ya mchezo huu yakiwa nyuma yake. Msemaji alipolitaja jina la Kamal Bahamdan, Ami alikaa sawasawa. Pwani yetu, ukilisikia "Ba" mbele ya jina, unaanza kufikiria Hadhramaut, majahazi ya kaskazi, maduka ya Lamu na Mombasa, na wazee waliokuja na sanduku moja. "Huyu ni mtu," alisema, akimaanisha mtu wetu. Na bado hakupiga kelele. Aliinua kidole kimoja cha shahada juu ya goti lake, akakiacha hivyo mzunguko mzima.

Siku ile Wasaudi hawakuweza kuishika nafasi yao. Walimaliza na adhabu 14. Lakini Uingereza na Uholanzi walimaliza sawasawa, adhabu 8 kila mmoja, na 14 ikatosha kwa shaba. Wapandaji wale wanne, Ramzy Al Duhami, Abdullah Al Saud, Bahamdan na Abdullah Sharbatly, walileta medali pekee ya nchi yao katika michezo ile. Watu waliwapigia makofi kwa moyo. Nilimwona Ami akifuta macho kwa ncha ya kofia, na sikumuuliza.

Dhahabu ilibaki kuamuliwa kwa mruko wa nyongeza, viunzi vichache, timu mbili. Nick Skelton aliingia akiwa na miaka 54, mtu aliyevunjika shingo mwaka 2000, akaacha mchezo kisha akarudi. Farasi wake Big Star aliruka kama maji yanavyoruka jiwe. Safi. (Miaka minne baadaye, Rio, wawili hao wangechukua dhahabu ya mtu mmoja mmoja. Nilikuwa peke yangu mbele ya televisheni, nikaona nimenyamaza.) Ben Maher na Tripple X, safi. Scott Brash na Hello Sanctos, mti mmoja chini. Ikabaki kwa Peter Charles na Vindicat, farasi ambaye siku hizo mbili alikuwa hajatulia. Akipita safi, yamekwisha.

Nimehudhuria mazishi mengi na swala nyingi za Idi, na sijawahi kusikia watu wengi kiasi kile wakiwa kimya kiasi kile. Bendera zilishushwa mapajani. Kulia kwetu baba mmoja aliweka kiganja mdomoni mwa mwanawe, taratibu, na mtoto hakukitoa. Bibi alifumba macho. Hakutazama kabisa: alisikiliza. Kiunzi baada ya kiunzi nilimwona akihesabu kwa penseli, akigonga kidogo kwenye kitabu kila farasi alipotua bila *tok*. Ami alikuwa ameinama mbele, akimtazama Vindicat masikioni. Kabla ya kiunzi cha mwisho akasema neno moja, pole pole, kama anavyozungumza na punda wake wakipanda ngazi za gati: "Anataka."

Kilichofuata sikuweza kukisikia. Kelele ilikuja kutoka chini ya viti, kutoka kwenye mbao zenyewe. Bibi alimshika Ami mabegani kwa mikono miwili, na Ami, aliyenyamaza tangu mchana, akaiachia sauti yake yote ya Lamu.

Tulitelemka hadi ukingoni mwa Thames kungoja Magharibi. Ilikuwa bado mapema sana. Tulikaa kwenye benchi, tende zikiwa mfukoni, tukitazama mashua zikipita na jua likikataa kuzama. Ami aliniuliza farasi akishinda anapewa nini. Nikasema medali ni za watu. Alilifikiria hilo kwa muda mrefu, uso umekunjamana. Akasema angalau leo walipaswa kuwavika wale wanyama kitu shingoni na kuwatembeza mbele za watu wakiwa peke yao, bila mtu mgongoni. Nadhani alikuwa na haki, na bado nadhani hivyo.

Jua lilipozama tulifungua kwa tende na maji, tukaswali juu ya koti langu. Kisha akaomba simu. Kwa saa yake ya mkononi nyumbani ilikuwa yapata saa tano usiku, na mwezi wa Ramadhani saa hizo Lamu nzima iko macho. Mwanawe wa kiume akapokea. Ami akaanza kwa viunzi, akaenda kwenye hesabu ya hatua, akaenda kwa Bahamdan, kisha akafika kwenye ule unyamavu. Nilisikia sauti ndogo ya binamu yangu ikiuliza.

"Elfu ishirini na tatu," Ami akasema. "Wote."

Binamu akauliza tena.

"Wote, nakwambia. Hata mimi." Akakaa kidogo na simu sikioni, akitazama mto uliokuwa umeingia giza. "Na yule jike mwenye kidonda mgongoni, mmempaka dawa leo?"