Mafuta ya risasi pale Gairo

Wadau, juzi nilikuwa narudi Dar kutoka Dodoma na jamaa yangu mwenye Subaru ya turbo. Kufika Gairo, pale kwenye viazi vitamu, akasimama. Kwenye buti alikuwa na dumu la mafuta ya mashindano, yenye madini ya risasi.

"Oktani iko juu, utaona linavyopaa!"

Faneli hatukuwa nayo. Dogo mmoja wa bodaboda akaleta mpira, akauweka mdomoni tayari kuvuta. Nikapiga kelele: "Dogo, usivute!" Wote wakanishangaa.

Jamani, dawa ile ya risasi hupenya hata kwenye ngozi. Nchi za kusini mwa Sahara ziliachana na petroli yake mwanzoni mwa 2006, na Algeria, ya mwisho duniani kuiuzia magari, mwaka 2021. Ikitoka kwenye ekzosi hukaa kwenye vumbi, na huharibu ubongo wa watoto.

Nikajaribu kumtisha kwa gari lake: risasi itaua masega ya ekzosi na sensa ya oksijeni. Akacheka. "Masega nilishatoa kitambo, bwana."

Sawa, gari litapona. Na hawa? Nyuma ya ekzosi walisimama watoto wawili na masinia ya viazi.

Akalifunga dumu. Alininunia mpaka Morogoro mjini.

Kama unayo, yabaki ya uwanjani, tena kwa glovu na pampu. Barabarani, seti injini yako itumie petroli ya sheli. Au mnasemaje?