Tengeru, Mji Mdogo Chini ya Mlima Meru



Ufikapo mwezi Novemba, Mama Kanisa hutualika kuwaombea marehemu wote, na waamini wengi huenda makaburini wakiwa na mishumaa, maua na jembe la kupalilia. Katika tafakari ya juma hili tunapenda kuwaongoza hadi kwenye makaburi ambayo wenye nayo wako mbali sana. Yapo Tengeru, mwendo wa kilomita zipatazo 13 kutoka Arusha mjini kwa barabara iendayo Moshi. Lakini kabla ya kuingia langoni, yafaa tuutazame kwanza mji wenyewe, kwa maana wengi wetu tunaufahamu kwa soko lake tu.

Tengeru umeegemea Mlima Meru, wa pili kwa urefu nchini mwetu baada ya Kilimanjaro, wenye mita zipatazo 4,566. Mlima huu ni volkano. Maelfu ya miaka iliyopita ubavu wake wa mashariki ulibomoka wote, ndiyo maana anayeutazama kutoka Momella huona ukuta mkubwa wa mwamba uliopinda kama mkono unaokumbatia. Majivu yake ya mwisho yalitoka mwaka 1910. Majivu ya namna hiyo, yaliyorundikana tangu kale, ndiyo yaliyowapa Wameru udongo wa migomba na kahawa, na misitu ya juu ndiyo inayotunza mito yetu. Wakulima wa huku wanajua kwamba mlima uliokuwa wa moto umekuwa mama wa chakula chao.

Mgeni anayependa utulivu na ashuke hadi Ziwa Duluti, lililo karibu kabisa na mji. Ni shimo la volkano ya kale lililojaa maji, limezungukwa na msitu wa hifadhi, na njia ya miguu hulizunguka chini ya kivuli cha miti mikubwa. Ndege wa majini huvua hapo asubuhi, na kenge huota jua kando ya maji. Mwenye siku nzima na aende hadi Hifadhi ya Taifa ya Arusha, iliyoanzishwa mwaka 1960, akaione kreta ya Ngurdoto, mbega weupe kwa weusi juu ya miti, na maziwa ya Momella yenye flamingo. Huko Momella ndiko ilikopigwa sehemu ya filamu ya Hatari!, iliyotoka mwaka 1962. Na siku za Jumatano na Jumamosi, soko la Tengeru humwaga baraka zote za mlima barabarani: ndizi za kila aina, maparachichi, nyanya, viazi na mboga, na akina mama wanaopatana bei kwa Kimeru, Kiarusha, Kichagga na Kiswahili kwa pumzi moja.

Hata hivyo, ndugu msomaji, uzuri wa mahali si historia yake. Mwaka 1896 wamisionari wawili wa Kilutheri, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa chini ya mlima huu walipokuja kutafuta mahali pa kuanzisha misheni. Jeshi la Wajerumani likalipiza kisasi kwa kuchoma, kuua na kuteka ng'ombe. Miaka michache baadaye wenyeji walilazimishwa kujenga Boma la Arusha, lile lile ambalo leo ni Makumbusho ya Elimu Viumbe. Kwa hiyo Wameru waliujua uchungu wa wageni wenye silaha kabla hawajauona uso wa wageni wenye njaa.

Wageni hao wa pili walifika kuanzia mwaka 1942. Walikuwa Wapolandi, sehemu kubwa wakiwa wanawake na watoto. Umoja wa Kisovyeti ulipoiteka Poland ya mashariki, mwaka 1940 na 1941 uliwatoa majumbani mwao kwa nguvu na kuwasafirisha kwa treni hadi Siberia na Kazakhstan, ambako wengi walikufa kwa baridi, njaa na kazi ngumu. Walipofunguliwa mwaka 1941, baada ya Wajerumani kuishambulia Urusi, maelfu yao walisafiri kusini hadi Iran, na kutoka huko wengine wakavuka bahari kuja Afrika ya Mashariki. Tengeru ikawa kambi yao kubwa kuliko zote barani Afrika, ikipokea watu wapatao 5,000. Walikaa katika vibanda vya mviringo vya udongo vilivyoezekwa kwa majani, vikiwa vimepangwa safu kwa safu. Walikuwa na kanisa, shule, hospitali, karakana na mashamba. Watoto waliokuwa wamesahau ladha ya tunda walionja ndizi za Meru.

Vita vilipokwisha mwaka 1945, hawakuwa na mahali pa kurudi, kwa kuwa vijiji vyao vilikuwa vimeingizwa ndani ya mipaka ya Umoja wa Kisovyeti. Wengi walihamia Uingereza, Kanada na Australia, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 kambi ikafungwa. Eneo lake likageuka mahali pa vyuo, na makaburi yao leo yamo ndani ya eneo la chuo cha mifugo. Yapo makaburi yapatayo 150, ndani ya ukuta, meupe, yamepangwa kwa utaratibu, na mtunzaji wake anayajua vizuri. Wamelala hapo Wakatoliki, na pia Wayahudi na Waorthodoksi wachache, majirani katika mauti kama walivyokuwa majirani katika dhiki.

Tulipofika hapo na vijana wa parokia, tukasali na kuwasha mishumaa, kijana mmoja ambaye ukoo wake unatoka Ngare Nanyuki alituuliza swali kwa heshima, lakini bila kulizungushazungusha: "Baba Paroko, hawa wana ukuta, wana majina, na leo tumewaletea mishumaa. Babu zangu waliochomewa nyumba wana nini?"

Swali hilo lilitunyamazisha sote, kwa sababu ni la haki. Mwezi Novemba 1951, serikali ile ile ya Kiingereza iliyowapa Wapolandi kivuli iliwaondoa kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Ngare Nanyuki na Leguruki, ili ardhi yao wapewe walowezi wa Kizungu kwa ufugaji. Nyumba zilichomwa. Watu walielekezwa kwenda Kingori, nyanda za joto na maradhi, wasikokupenda. Wameru walichangishana fedha, na mwaka 1952 wakamtuma kijana wao Kirilo Japhet hadi New York kwenye Umoja wa Mataifa, kwa kuwa Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini chini yake. Ardhi haikurudishwa siku ile, lakini ulimwengu ulisikia, na Watanganyika wengi walijifunza kwamba mnyonge naye aweza kusimama mbele ya wakubwa na kusema.

Tulimjibu kijana yule kwamba si lazima tuwanyime hawa mshumaa ili wale waupate. Mtoto wa Kipolandi wa mwaka 1940 na mtoto wa Kimeru wa mwaka 1951 wangeelewana bila mkalimani. Wote wawili waliamriwa na watu wenye bunduki watoke nyumbani. Wote wawili walimwona mama akichagua nini cha kubeba na nini cha kuacha. Tofauti ni kwamba mmoja alipata kaburi lenye jina, na mwingine amebaki katika vinywa vya wazee wetu, ambao kila mwaka tunawazika mmoja mmoja pamoja na habari zao. Hilo ndilo linalotupasa kulitengeneza.

Bwana wetu naye alipokuwa mtoto mchanga alikimbizwa usiku kwenda ugenini, na bara hili la Afrika lilimpokea katika nchi ya Misri. Alipokua, alijihesabu mwenyewe miongoni mwa wageni wasio na makao, na akasema kwamba siku ya mwisho tutaulizwa habari zao. Hatutaulizwa kama mji wetu ulikuwa na ziwa zuri. Tutaulizwa nani alipata nafasi ndani yake, na nani alitolewa.

Na tusidhani, wapendwa, kwamba kufukuza ni kazi ya serikali za kikoloni pekee. Mashamba ya kahawa yanakatwa viwanja, bei ya ardhi inapanda, na ofisini kwetu huja wajane ambao hata arobaini ya mume haijaisha, shemeji wameshapima shamba kwa hatua. Huyo mama hachomewi nyumba, ila anaambiwa arudi kwao. Anachagua nini cha kubeba na nini cha kuacha, watoto wakimtazama. Wanaomtoa ni watu wanaopiga ishara ya msalaba, na baadhi yao ni wajukuu wa watu waliotolewa Ngare Nanyuki.

Kwa hiyo tunawaomba mambo matatu mwezi huu. Kwanza, kila jumuiya ndogondogo ipange siku moja kwenda Tengeru, isali kwenye makaburi yale, kisha ipumzike kando ya Ziwa Duluti, kwa kuwa furaha ya uumbaji wa Mungu nayo ni sala. Pili, vijana wetu wawaendee wazee waliokuwa watoto mwaka 1951, wawasikilize, na waandike majina: ya watu, ya mito, ya boma zilizochomwa. Tutayasoma majina hayo kanisani Dominika ya mwisho ya mwezi, na mshumaa wao utawashwa. Tatu, kila baba mwenye shamba aandike wosia wake akiwa na nguvu zake, mbele ya mashahidi, ili mkewe asije akawa mkimbizi katika migomba aliyoipanda mwenyewe.

Mji mdogo hauhitaji mambo makubwa ili uwe na sifa. Tengeru una mlima mgongoni, ziwa pembeni na soko mbele yake. Tukiongeza hapo mjane aliyebaki salama kwenye shamba lake, wageni watakaopita njia ya Moshi watakuwa na jambo jingine zuri la kusimulia.

Raha ya milele uwape marehemu wote ee Bwana. Tunawatakia Dominika njema na juma lenye amani.