Sukari Tuliyompelekea Mama

Katika nchi yetu ya Karagwe na Kyerwa, mtoto anayekwenda kumwona mama yake haingii uani mikono mitupu. Mwenye uwezo mdogo hubeba mche wa sabuni na kilo moja ya sukari. Aliyejaaliwa zaidi huongeza kanga, majani ya chai na mafuta ya kula. Sukari ndiyo hutangulia. Mama huipokea kwa mikono miwili, huwaonyesha majirani, kisha huomba dua. Nasi, tangu tulipopata mshahara wa kwanza baada ya kuhitimu chuo cha Kiislamu, hatukuwahi kuikosa sukari hiyo. Tuliihesabu kuwa ni katika kuwatendea wema wazazi, na kwa zaidi ya miaka kumi tulitoka Kayanga, tukapita Omurushaka, tukafika kijijini kwetu upande wa Nkwenda na kilo zetu mbili au tatu, tukirudi na wepesi wa moyo wa mtu aliyelipa deni.

Katika mwezi wa Shaaban wa mwaka juzi, mama yetu mzazi alijikata mguuni kwa jembe akipalilia migomba. Kidonda kilikuwa kidogo, lakini siku zilipita, wiki zikafuata, nacho hakikufunga. Tulimpeleka hospitalini. Tabibu alimpima damu, akatueleza kwa upole kwamba mama ana ugonjwa wa kisukari, na kwamba kwa dalili alizoziona ugonjwa huo haukuanza jana. Kisha akamuuliza anakunywa chai mara ngapi na kwa vijiko vingapi. Mama akajibu: mara nne kwa siku, vijiko vinne kila kikombe. Tabibu alipouliza kwa nini kiasi hicho, mama alitutazama sisi, si yeye, akasema, "Sukari ya mwanangu siwezi kuiacha iharibike."

Ndugu wasomaji, maneno hayo hayakuwa lawama, bali yalikuwa shukrani, na ndiyo maana yalituchoma. Mama alikuwa akiinywa heshima yetu kikombe baada ya kikombe, asije akaonekana kuidharau. Tunajua kuwa ugonjwa huu una sababu nyingi, zikiwemo za urithi, na kwamba hakuna tabibu aliyetuambia kilo zetu ndizo zilizouleta. Hata hivyo, tulijiona kama mtu aliyebeba kuni kwenda kwenye nyumba inayoungua.

Ramadhani ikaingia. Kuhusu saumu hapakuwa na mzozo: tabibu alimkataza mama kufunga hadi kidonda kipone, na Qur'ani Tukufu imewapa wagonjwa ruhusa iliyo wazi. Tatizo lilikuwa futari. Mama hakukubali kula peke yake wakati wa adhuhuri kisha ajifungie ndani jioni. Alitaka kukaa jamvini na wanawake wenzake, na jamvini palikuwa na kaimati zinazong'aa kwa shira, tambi za sukari, visheti na chai iliyokolezwa. Kwetu sahani ikirudi imejaa, mwenye nyumba huuliza amekosa nini. Basi mama alionja hapa, akaonja pale, ili asimvunje mtu moyo. Kipimo cha damu cha juma lililofuata kilipanda.

Mazoea ya kuheshimiana kwa wingi wa chakula si ya leo katika nchi hii. Mwingereza John Hanning Speke, aliyepokelewa na Mfalme Rumanyika wa Karagwe mwaka 1861, aliandika juu ya wanawake wa jamaa ya mfalme waliokuwa wakinyweshwa maziwa mpaka wakawa wanene wasioweza kusimama vizuri. Unene ule ulikuwa ni fahari ya nyumba. Leo maziwa yamepisha sukari na mafuta, lakini kipimo cha ukarimu kimebaki kilekile: mgeni ashibe kupita haja yake. Nasi tunaosoma tunajua kuwa Allah (S.W.) katika Suratul A'raf aya ya 31 ameruhusu kula na kunywa, akakataza israfu. Tunajua pia mafundisho ya Mtume (S.A.W.) ya kuligawa tumbo mafungu matatu: la chakula, la kinywaji na la pumzi. Tuliyahifadhi chuoni kwa isnadi zake. Hatukuyapeleka jikoni.

Ufumbuzi ulianza kwa simu. Ndugu yetu mmoja anayefanya kazi Maskati alitusimulia kwamba huko nyumbani kwake wanaoka matufaha, yale ambayo sokoni kwetu watu huyaita epo, katika sufuria ya umeme inayopika polepole kwa saa kadhaa. Hakuna unga, hakuna kukaanga, na sukari ni chembe tu au haipo kabisa. Tunda linalainika katika mvuke wake lenyewe, likiwa na mdalasini na tende kidogo. Mwenzetu wa nyumbani, mama wa watoto wetu, alisikiliza hadi mwisho akasema, "Sufuria hiyo hatuna, na umeme ukikatika saa kumi tutafuturu nini? Lakini kapu tunalo."

Kapu alilolitaja ni la kusuka, pana, lenye kina cha dhiraa moja. Ndani yake alikuwa ametandika majani makavu ya mgomba, kisha mito miwili iliyoshindiliwa vipande vya vitambaa kutoka kwa fundi cherehani, mmoja wa chini na mmoja wa kufunika. Chungu kikichemka huondolewa motoni, huingizwa kapuni, na joto lililomo humalizia kazi bila mkaa mwingine. Akina mama wengi hulitumia kwa maharage na wali. Hatukuwa tumeona mtu akilitumia kwa matunda.

Jaribio la kwanza liliharibika. Tulinunua matufaha manne, tukayamenya, tukayakata vipande vyembamba na kuyazamisha katika maji mengi. Watoto nao walifunua kapu kila walipopita. Magharibi tulipata uji wa rangi ya kijivu, vuguvugu, usio na harufu. Mama aliunywa kwa adabu ileile aliyokuwa akinywea sukari yetu, na hilo ndilo lililotuuma zaidi.

Kwa jaribio la pili mwenzetu alibadili njia. Matufaha aliyaacha mazima na maganda yake, akayatoa kiini kwa kisu chembamba, na katika tundu akajaza tende moja iliyokatwakatwa, karanga zilizotwangwa na chembe ya mdalasini. Aliyapanga katika bakuli la bati, akanyunyiza maji ya ndimu na vijiko vitatu vya maji, akafunika kwa jani la mgomba lililobabuliwa motoni, kisha kwa sahani. Bakuli hilo aliliweka ndani ya sufuria kubwa yenye maji yanayochemka yaliyofika nusu ya kimo chake. Akaacha vichemke pamoja kwa dakika 20, akahamishia sufuria nzima kapuni, na akapiga marufuku kufunua. Siri ni hayo maji ya nje: tunda peke yake halina joto la kutosha kujipikia, lakini maji mengi yaliyochemka hulishika joto na kulitoa taratibu. Baada ya saa mbili na nusu, ganda lilikuwa limekunjamana, nyama ya ndani laini kama siagi, na nyumba nzima ilinukia mdalasini.

Ila matufaha si ya kila siku kwetu. Ni mti unaopenda baridi ya nyanda za juu, kama Njombe na Lushoto, au Kabale ng'ambo ya mpaka wa Uganda. Tunda moja sokoni hugharimu karibu sawa na chane nzima ya ndizi. Hapo ndipo tulipoitazama migomba iliyotuzunguka kana kwamba tunaiona kwa mara ya kwanza. Wafasiri wengi wa Qur'ani wameieleza "twalhi" ya Suratul Waaqia, katika neema za watu wa Peponi, kuwa ni ndizi zilizopangana. Sisi tunaoishi chini ya kivuli chake tulikuwa tukiitafuta heshima ya mgeni dukani.

Ndizi inayofaa ni gonja, ile ndefu ambayo Pwani huitwa mkono wa tembo, iliyoiva mpaka ganda likaingia madoa meusi. Katika kuiva, wanga wake umekwisha kugeuka sukari, kwa hiyo haihitaji kuongezewa. Hukatwa vipande vinene, hupangwa bakulini pamoja na iliki mbili, kijiti cha mdalasini, karafuu moja na maji ya ndimu, na hupikwa kwa njia ileile kwa muda wa saa moja na nusu. Nanasi kidogo likiongezwa huleta uchachu mzuri. Juu yake huwekwa vijiko viwili vya maziwa mgando yasiyotiwa kitu. Faida nyingine hatukuitarajia: baada ya Alasiri jiko limezimwa, na mama wa nyumba amepata saa nzima ya kusoma juzuu yake.

Tahadhari tatu tulizipata kwa tabibu, nasi tunazifikisha kama tulivyozipokea. Kwanza, "nyepesi" haina maana ya "huru": gonja na tende zina sukari yake, asali vilevile, na mgonjwa wa kisukari hutosheka na nusu ya gonja, si bakuli, tena apime damu na asiache dawa. Pili, mwenye maradhi ya figo amuulize daktari wake kabla ya kula ndizi, kwa sababu ya madini ya potasiamu. Tatu, chakula cha kapuni kiliwe kingali moto. Kikikutwa vuguvugu kichemshwe upya, na kisilazwe humo usiku kucha.

Tukiwa katibu wa kamati ya msikiti, sisi ndio tunaoandika daftari la michango ya futari, na sisi ndio tunaoyasoma majina baada ya Tarawehe: fulani sukari kilo tano, fulani kilo kumi. Tulifanya hesabu tukashtuka. Nusu kilo ya sukari kwenye shira ya watu 20 ni gramu 25 kwa kila mtu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2015, linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na kwamba ni bora zaidi ikishuka chini ya asilimia 5, yaani karibu gramu 25 hizohizo. Mfuturu alikuwa akizimaliza kabla hajagusa chai.

Tulipeleka pendekezo kikaoni: shira ipunguzwe nusu, na kiwepo chungu cha matunda. Mzee mmoja tunayemheshimu sana alishusha fimbo yake, akasema, "Katibu, mnataka watu waseme msikiti umeishiwa?" Kikao kilinyamaza. Imamu akaamua kwa hekima: kaimati zibaki kama zilivyo, na chungu kiwekwe kando yake, atakaye atwae. Tuliandika hivyo katika muhtasari, na tunakiri kwamba tuliandika kwa huzuni.

Usiku wa kwanza chungu kilirudi nusu yake. Wa pili, vivyo hivyo. Usiku wa tatu, kabla ya adhana, mtoto alibisha mlango wa jikoni akiwa na bakuli chini ya kanga. Alikuwa ametumwa na bibi yake, mke wa mzee yule mwenye fimbo. "Bibi anasema mumtilie kidogo, na msimwambie mtu." Bibi huyo alikuwa na kisukari kwa miaka mingi, na nje ya nyumba yake hakuna aliyejua. Keshoye wakaja watoto wawili. Kufikia kumi la mwisho, mwenzetu alikuwa akitenga mabakuli saba. Sisi tulidhani mgonjwa ni mmoja, mama yetu. Kumbe jamvi letu lilikuwa na wagonjwa waliokuwa wakila shira kimyakimya ili wasionekane wamekosa adabu. Usiku wa ishirini na saba mzee mwenyewe aliusogeza mkono wake chunguni mbele ya watu wote, akachota, akala, asiseme neno. Baada yake chungu hakikurudi na kitu.

Kidonda cha mama kilifunga baada ya Idi ya kuchinja, alhamdulillah, ingawa dawa hazijakoma na hatudhani zitakoma. Safari yetu iliyofuata tulibeba sabuni, kanga, pakiti ndogo ya mdalasini na kapu jipya lenye mito yake. Mama alilizunguka akaligonga ubavuni kwa vidole, akacheka. "Mwanangu, na sukari iko wapi? Majirani nitawaonyesha nini?"

Tukamwambia awaite waje jioni. Walikuja, wakakaa uani chini ya migomba, naye akafunua kapu kwa mkono wake, mvuke ukapanda. Aliwapakulia wote kwanza. Kisha akajipakulia nusu ya gonja, akaila taratibu mpaka ikaisha, na safari hii hakuwa akila kwa ajili ya adabu.

Allah (S.W.) awaponye wagonjwa wetu, na atujaalie kuwatendea wazazi wema unaowafaa. Amin.