Jibu Bila Hesabu



Sisi wa darasa la sita tuna jambo la kuungama. Muhula uliopita devuari ya fizike ilitushinda. Mmoja alipata jibu, sisi wengine tukaliandika tu. Hata sisi wasimamizi tulikuwa ndani! Mwalimu akakuta kosa lile lile katika kila daftari.

Hakutupiga. Alianza kutueleza namna kansa inavyotibiwa kwa mionzi. Tukanyamaza kabisa, sababu mama ya mwenzetu mmoja alipita Kasindi, akaenda Kampala kutafuta mionzi hiyo. Na hata kule Kampala, mashine ya kobalti iliharibika 2016, wagonjwa wakangoja ile mpya kwa muda mrefu.

Akasema, mionzi ya eksi hupita mwili mzima na kuumiza hata kilicho nyuma ya ugonjwa. Protoni ni tofauti: inaingia, inapunguza mwendo, inaacha sehemu kubwa ya nguvu zake karibu na mwisho wa safari, kisha inasimama. Wilson wa Marekani alilifikiria jambo hilo 1946, na mgonjwa wa kwanza alitibiwa Berkeley 1954.

Lakini itasimama wapi? Mfupa, mafuta na hewa ya mapafu haviizuii sawasawa. Ukikosa kidogo tu, dozi inaangukia uti wa mgongo. Kwa hiyo kompyuta hufuata safari za protoni mamilioni, moja moja. Ile hesabu ni ndefu sana. Siku hizi kompyuta nyingine huonyeshwa hesabu nyingi zilizokwisha kufanywa, mpaka inajifunza kutazama picha ya mwili na kutoa dozi upesi sana.

Mmoja wetu akauliza, «Basi Mwalimu, nayo inaandika jibu la mwenzake?»

Akacheka. «Karibu hivyo. Lakini ikikuta mwili usiofanana na ile iliyojifunza, inaweza kukosa, na haitaona haya. Ndiyo maana watu hulinganisha jibu lake na hesabu ndefu, tena hupima kwa vyombo. Nani atagundua kosa? Ni yule anayejua kuhesabu mwenyewe.»

Usiku ule tulirudia devuari yote. Mwenzetu yule alimaliza wa kwanza. Mama yake yungali Kampala, tumkumbuke.

Ninyi wa darasa la tano, msituombe tena madaftari yetu. Njooni jioni, tuhesabu pamoja.